Shahidi Aliyemwona Koho

Pale Darsait, mtaa wa Muscat, katika mwaka wa sitini na saba, ukiuliza nyumba ya Harub Mzanzibari, na wewe utaulizwa: Harub yupi? Ukijibu, Harub wa samaki, utapelekwa mpaka mlangoni, na anayekupeleka atakuwa anacheka njia nzima.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Kule Unguja alikotoka, mtu akikaa barazani jioni asiwe na la kusimulia, huonekana hajui kukaa na watu. Harub alifika Muscat baada ya mapinduzi akiwa na begi la turubai na tabia hiyo. Akapata kazi ya kutengeneza majiko ya mafuta na taa za karabai katika kijiduka cha soko la Matrah. Baada ya magharibi akirudi Darsait huingia kwenye sabla, chumba cha wanaume wa mtaa, akapewa kahawa na tende, naye akaona ni wajibu wake kulipa kwa maneno. Basi akalipa kwa hadithi ya samaki wa koho.

Asichokijua ni kwamba sabla si baraza. Barazani watu huipokea hadithi wakaitafuna kama njugu, maganda wakayatupa. Katika sabla ya Darsait neno la mtu mzima huwekwa. Akisema ameona, basi ameona, na kama hakuona ni mwongo, na uongo wake utamngoja hapo hapo mpaka siku ya haja.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Ujanani Harub alikuwa mtia makaa katika meli ya Waingereza. Meli ikafika pwani ya Kanada, upande wa machweo, yeye yu mahututi kwa kichomi, wakamwacha hospitali wakaenda zao. Alipopona alipata kibarua cha jikoni kwenye kambi ya wakata magogo, kando ya mto. Na mto huo si kama wadi za Oman, mito mikavu ambayo mwaka mzima ni njia ya mbuzi kisha siku moja inakuja kuchukua nyumba yako. Huo ulikuwa na maji siku zote, baridi ya kuuma mifupa, na miti ya kando yake mirefu hata ukiitazama kofia inaanguka.

Majani yalipogeuka manjano ikaanza mvua, mvua ya huko isiyo na radi wala haraka. Mto ukajaa, na koho wakaja kutoka baharini. Samaki wa urefu wa mkono, weupe wa fedha. Wamezaliwa mtoni humo, wakatoka wangali kama dagaa wakaenda baharini, na sasa wamekuwa wakubwa wanarudi mto ule ule, si mwengine, wakipanda maji yanayoshuka na kuruka mawe. Hakuna anayewaonyesha njia. Wakishaingia maji matamu hawali tena. Harub aliwapasua mwenyewe jikoni akakuta matumbo yamesinyaa, hayana hata mchanga. Ubavu wa dume hugeuka mwekundu, pua ikapinda kama ndoana, akaota meno ya mbwa.

Mpasua magogo mmoja ndiye aliyemfundisha kuwavua. Chambo hakitumiki, maana samaki hali. Hutumika kijiko, kipande cha shaba kilichobinuka kama kijiko kilichokatwa mpini, na ndoana mkiani. Koho hupenda kupumzika katika vilindi, nyuma ya magogo yaliyozama. Unakirusha kijiko ng'ambo, juu kidogo ya gogo, unakiacha kizame, halafu unakivuta kwa utaratibu kikiyumbayumba. Ukikivuta mbio, samaki hakioni. Ukizidi kuchelewa, kinanasa gogoni na mpasua magogo anakutukania wazee wako. Koho anakitazama kikipita mlangoni kwake, kikipita tena, kikipita tena, mpaka anapandwa na ghadhabu, anakiuma. Si kwa njaa. Ni kwa hasira ya kusumbuliwa. Kisha huruka juu ya maji akikitikisa kichwa, na fimbo inapinda mkononi mwako, na moyo wako unasahau hata kama una kichomi.

"Hasira ya mkizi furaha ya mvuvi," Harub husema akifika hapo.

Na wale wasiovuliwa? Jike huchimba changarawe kwa mkia, akataga, dume akamaliza kazi yake, kisha wote wawili wakafa. Mto mzima ukanuka. Watoto huzaliwa mayatima, wakakaa mtoni kama mwaka hivi, wakaenda baharini, na wao wakarudi.

Siku aliyoisimulia mara ya kwanza, sabla ilisikiliza mpaka mwisho. Kisha Bakhit, mtu wa Darsait hasa, mwenye mitende na sauti nene, akasema, "Samaki hali, lakini anauma shaba. Na anajua alikozaliwa. Mimi ng'ombe wangu hajui zizi lake."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Harub, damu ikamchemka, akafanya kosa ambalo Mzanzibari tu angelifanya. Alisema, "Wallahi nimewaona kwa macho yangu!" Kwao Unguja wallahi ni kama chumvi, hutiwa kwenye kila mazungumzo. Pale Darsait ilikuwa kiapo. Kicheko kikakatika, watu wakatazamana, na tokea usiku ule Harub akawa mtu anayemwapia Mungu uongo.

Mtu mmoja tu alimwamini, naye ni Rahila.

Rahila alikuja na meli nyengine, mwaka uliofuata, mjane asiye na mtoto. Alifikia kwa Ishaq, fundi wa kushona kofia, rafiki wa Harub tokea utoto, mtu mwenye maneno machache na ndevu safi. Baba yake Rahila aliitwa Mahfoudh. Alitoka Darsait kijana, akafungua duka Unguja, akaoa huko, mkewe akatangulia kufa, naye akafa Rahila angali mdogo wa kubebwa. Picha yake haikuwapo. Alichokijua Rahila juu ya baba yake ni kile alichosimuliwa na Harub na Ishaq, na kwa kuwa Ishaq hasemi, ni kile alichosimuliwa na Harub. Kwamba Mahfoudh alikuwa akipima karafuu huku anaimba kwa puani. Kwamba alitembea mikono nyuma. Kwamba Rahila alipozaliwa aligawa halua mtaa mzima, na aliyeuliza "mtoto gani?" akijibiwa "mtoto wangu," basi.

Rahila alipoisikia habari ya koho hakucheka. Aliuliza, "Sasa Ami Harub, na hao watoto, wazee wao wameshakufa, nani anayewalea?"

"Hapana mtu. Wenyewe tu."

"Na njia wanaijua?"

"Wanaijua, mwanangu. Wallahi wanaijua."

"Basi wamenishinda. Mie nimekuja kwa baba yangu na kuuliza njia kila pembe." Akacheka, akamtilia kahawa nyengine. Harub aliondoka siku ile anatembea kama kijana.

Lililomleta Rahila Darsait ni nyumba. Mahfoudh aliacha nyumba ya udongo, kisima na shamba dogo la mitende, na vyote vilikuwa mikononi mwa Bakhit, mtoto wa ndugu yake. Sheria inajulikana. Ikiwa Mahfoudh hakuacha mtoto, vyote ni vya Bakhit. Ikiwa ameacha binti mmoja, nusu ni ya binti na nusu iliyobaki ndiyo ya Bakhit. Lakini hati za ndoa na za kuzaliwa zilibaki Unguja, katika nyumba ambayo Rahila aliikimbia na nguo za mwilini. Palitakiwa mashahidi wawili, wanaume waadilifu, waseme mbele ya kadhi kwamba waliihudhuria ndoa ya Mahfoudh na wanamjua Rahila kuwa ni mtoto wake. Katika Muscat nzima wanaume hao walikuwa Ishaq na Harub.

Tusimwonee Bakhit. Mitende ile aliinywesha yeye, tokea mikono yake haijaota nywele, na kisima alikichimbua yeye kilipofukiwa na mafuriko. Kwake yeye, mwanamke yeyote anayeshuka melini angeweza kusema mimi ni binti Mahfoudh. Akamwambia kadhi, "Ishaq sina neno naye. Lakini Harub, ewe sheikh, aliapa katika sabla kwamba kuna samaki anayerudi kufa alikozaliwa. Mashahidi wa hilo ni mtaa mzima. Mtu huyu huapa kama anavyopumua." Kadhi akaahirisha shauri.

Ijumaa iliyofuata Harub alikwenda kwa boti mpaka Yiti, kijiji cha pwani, kama alivyozoea akiwa na dhiki. Pale wadi inapokutana na bahari pana khor, mkono wa maji ya chumvi unaoingia ndani, na hapo ndipo Harub hurusha kile kijiko chake cha shaba, kijiko cha kule kule Kanada, kwa fimbo ya mwanzi aliyojitengenezea. Hapakuwa na koho, wala hakuwatarajia. Alipenda tu kule kurusha na kuvuta, kurusha na kuvuta. Mara hii Ishaq alifuatana naye, na kwa mtu asiyependa boti, hiyo peke yake ilikuwa habari.

Kolekole mdogo akauma, Harub akamvuta akamtoa ndoana. Ishaq akasema, "Harub, kadhi atakuuliza. Mwambie ulitania."

"Sikutania."

"Najua hukutania. Nnakwambia useme ulitania."

"Yaani niseme uongo ili nionekane mkweli?"

"Useme neno moja dogo ili mtoto wa Mahfoudh apate pa kulala. Nyumbani kwangu mke wangu keshaanza kuhesabu mikate."

Harub akarusha kijiko, akakivuta mpaka mwisho. "Ishaq, wewe umenijua tokea tunavua pweza na vijiti. Wewe waniamini habari ya koho?"

Ishaq aliitazama ile khor. "Mie nakuamini kila kitu," akasema, "ila hao samaki."

Hilo lilimkata Harub kuliko kicheko cha sabla nzima. Aliufunga mshipi wake, na katika boti ya kurudi alikaa mbele peke yake, kolekole miguuni, akihesabu moyoni waliombakia. Alibakia Rahila.

Siku ya shauri walikaa kwenye mkeka, kadhi mbele yao, mzee wa macho makali na sauti ya chini. Rahila alikuwa nyuma ya pazia la mlangoni, kila neno analisikia. Ishaq alitoa ushahidi wake ukapokelewa. Ikaja zamu ya Harub, na Kiarabu chake kilikuwa nusu cha chuoni nusu cha jikoni, kwa hivyo kadhi alisema naye taratibu.

"Habari ya samaki imenifikia. Watu huwa na porojo za kuchekesha wenzao, na msikilizaji akijua ni porojo hapana aliyedanganywa. Na kiapo kinachotoka mdomoni kwa mazoea, moyo haumo, Mwenyezi Mungu hakikamati. Ikiwa ulikuwa ukiwachekesha jamaa, sema ulikuwa ukitania, umtake Mola wako msamaha, kisha kaa utoe ushahidi. Lakini ikiwa mpaka leo unashikilia umeyaona hayo kwa macho yako, mimi siwezi kuuchukua ushahidi wako katika mali ya watu."

Kadhi alikuwa amemfungulia mlango kwa wema. Bakhit alilijua hilo, akainama. Ishaq alishika ndevu zake.

Harub aliuona mto. Aliuona kama ulivyokuwa asubuhi ile, mvua inanyesha, gogo jeusi, na koho wa kwanza hewani, ubavu mwekundu, maji yanamchuruzika. Katika maisha yake alikuwa mtia makaa, mpika chai wa wakata magogo, fundi wa majiko, na mkimbizi. Kitu kimoja tu alikiona ambacho hakuna mwengine aliyekiona, nacho ndicho hicho.

"Nilikuwa nikitania," akasema. "Samaki hao hawapo. Astaghfirullah."

Aliisema astaghfirullah kwa moyo wake wote, na hapana aliyejua anaomba msamaha wa uongo upi. Kisha akakaa, akatoa ushahidi juu ya Mahfoudh na ndoa yake na binti yake, kila neno la kweli, na ukapokelewa.

Nyumba ikagawanywa. Mitende ikagawanywa. Kisima kikaangukia upande wa Bakhit, na kadhi akaweka sharti kwamba maji yapite kwenye mfereji mpaka upande wa Rahila. Katikati ukajengwa ua wa makuti, ambao mbuzi haupiti, lakini kikohozi kinapita. Bakhit hakumsalimia Harub kwa siku nyingi, lakini hakusema kitu. Shauri likishahukumiwa limehukumiwa, labda atokee mtu na jambo jipya.

Hapo ndipo mambo yalipomgeukia Harub kwa namna asiyoitazamia. Sabla ikampenda. Kumbe mtani! Kila jioni wakamwomba, "Tupe ule utani wako, Harub," naye akawapa, na alipofika mahali pa samaki asiyekula wakapigana mabega kwa raha, bila ya ubaya wowote. Ilimuuma. Iliuma kuliko walipokuwa wakimwita mwongo, kwani zamani walikuwa wakimcheka yeye, na sasa walikuwa wanaucheka mto. Mwisho akaacha kuisimulia, akasema ameisahau. Hata Yiti akaacha kwenda.

Kwa Rahila alikuwa akipita, akimtengenezea jiko, akila anachopewa. Habari ya koho haikutajwa. Mara nyingi Harub alitaka kusema, akautazama ule ua wa makuti, akasikia ndoo ya Bakhit ikishuka kisimani, akameza neno lake pamoja na kahawa. Bakhit Kiswahili alikijua, alikipata kwa mama yake, mzaliwa wa Pemba. Angelisikia kwamba shahidi alimdanganya kadhi usoni, angelikuwa na jambo jipya la kupeleka.

Ikaja mvua. Ilinyesha milimani usiku, asubuhi wadi ikashuka ya rangi ya chai ya maziwa, watu wakatoka kuitazama, na mchana ikawa imetulia inakwenda taratibu baharini. Alasiri Harub alikuwa ukumbini kwa Rahila, wanausikia mvumo wake.

Rahila akaiachia kanga aliyoishika kwa meno. Kisha akasema, "Ami Harub, nataka nikuulize kitu. Wale samaki, mbele ya kadhi, ulisema hawapo."

"Nilitania, mwanangu," akasema Harub kwa sauti ya kusikika, akaangalia ua. Ndoo ilikuwa ikipanda.

Rahila akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea habari aliyokuwa akiitazamia. "Uliniambia kwa uso huo huo, na wallahi juu yake. Na mie nikaamini." Macho yakamjaa machozi. "Basi na baba yangu pia ulinitania?"

"Vipi?"

"Ile karafuu, na kuimba kwa puani. Na halua. Mie sina cha kushika ila hayo. Kama samaki ni utani, nitajuaje baba si utani?"

Harub alikiweka chini kikombe chake. Alikuwa ameutoa mto kwa ajili ya nyumba ya Rahila, na hakulalamika. Lakini hakuwa tayari kumtoa na Mahfoudh. Nyumba hii ni ya nini, akajiuliza, ikiwa aliyemo ndani hamjui tena aliyemwachia?

"Nisikilize," akasema, na hakushusha sauti. "Baba yako nimemwona kwa macho haya. Karafuu alipima, kwa puani aliimba, tena vibaya. Halua niliila mie mwenyewe. Na koho nimewaona kwa macho haya haya. Nimewavua, nimewapasua, nimewaona wakifa. Uongo wangu ni mmoja tu, niliusema kwa kadhi, na niliusema upate pa kulala. Na ukinyang'anywa kwa neno hili nnalolisema sasa hivi, nisamehe."

Rahila aliweka mkono mdomoni. Ndoo upande wa pili ilikuwa imesimama. Maji yalidondoka kutoka kwenye ndoo hiyo yakirudi kisimani, tone baada ya tone, na wote wawili wakayasikiliza. Harub alijiona ameivunja nyumba ya watu kwa mdomo wake ule ule. Mafuriko ya wadi yalivuma.

Kisha sauti nene ya Bakhit ikatoka nyuma ya makuti, kwa Kiswahili, ambacho Harub hakuwahi kumsikia akikisema.

"Harub. Samaki hao, wakishakufa wenyewe, huliwa?"

"Hawaliwi," akajibu Harub. "Nyama yao huwa laini kama tope. Huachiwa ndege."

Kikohozi cha Bakhit kikapita makutini.

"Ni kweli," akasema Bakhit. "Itakuwa laini."

Ndoo ikamwagwa. Baada ya kitambo maji yakaja kwenye mfereji, yakapita chini ya ua, yakaingia katika mitende ya Rahila kama siku zote.